Zubeda wa Kibuta na Kadi Iliyosemekana Imeungua

Mwaka 1985 kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Pale kwetu Sofu, Kibaha, kwenye kituo cha mbegu za mikorosho, tulipewa moja na wafadhili, na kwa wiki kadhaa watu walikuja kuiangalia kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga: wanasimama mlangoni, wanasema "mashallah", wanaogopa kuigusa. Sabuni hatukuwa nayo, sukari tuliipangia foleni, lakini kompyuta ilikuwepo. Tulikuwa tumeendelea kwa upande mmoja.

Aliyekabidhiwa kuitunza ni Zubeda binti Mwinyimadi, mzaliwa wa Kibuta kule Kisarawe, na ndiye ninayetaka kumweleza. Sitampamba, maana hapambiki. Akikusema asubuhi, mpaka jioni bado unajikuna. Alisomea ufundi wa mitambo ya simu, akafanya kazi hiyo miaka mingi mjini Dar es Salaam, kisha akahamia kwetu kwa sababu mumewe, Kondo, alikuwa fundi cherehani pale Kwa Mathias, hapohapo Kibaha, na hakuwa tayari kuiacha baraza yenye wateja.

Kondo mwenyewe husimulia alivyompata. Alipopeleka posa, jina lake lilikuwa limeshachafuliwa Kibuta nzima: mlevi, ana mke mwingine Bagamoyo, hata cherehani yenyewe ya kuazima. Wazee wakataka kumrudishia posa yake. Zubeda akasema, "Hajapimwa huyo." Akafunga safari mpaka Kwa Mathias, akajifanya mteja, akatoa kitambaa cha gauni, akakaa barazani kutwa nzima akimsikiliza Kondo anavyozungumza na wanaoleta nguo na anavyozungumza na wanaozidai. Aliporudi kwao akatoa majibu: "Cherehani ni yake. Mke hana. Gauni kalikosea mkono mmoja, lakini hilo linarekebishika." Wakaoana. Mkono wa gauni haujarekebishwa hadi leo.

Sasa, kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio inafumiwa kitambaa, jagi la maji linafumiwa kitambaa, kochi linafumiwa vitambaa mpaka mgeni anaogopa kuegemea. Zubeda akaifumia kompyuta. Uzi ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, lakini aliokoteza huku na huku, akafuma kitu cheupe chenye maua mekundu pembeni, kikaifunika mashine juu, ubavuni na mgongoni mpaka mezani. Meneja wetu, Ndugu Gregori, akapiga picha amesimama kando yake, awapelekee wafadhili. Tukitaka kufanya kazi tunakunja upande wa mbele kama pazia, kioo kinaonekana, tunaendelea. Mimi karani wa miche, mwenye nusu ya stashahada ya kilimo, niliona mapambo yale ndiyo maendeleo yenyewe.

Ijumaa moja asubuhi mashine ikawashwa na kioo kikabaki giza. Ikatoa mlio mmoja mrefu, kisha miwili mifupi, ikanyamaza. Bahati mbaya sakafu ilikuwa bado mbichi na ndoo ya deki ilikuwa chini ya meza. Mwenye ndoo alikuwa Mzee Saburi, mhudumu wa ofisi, mtu wa Mlandizi, anayekaribia kustaafu.

"Mzee Saburi, umemwagia maji mali ya umma!" Meneja akafoka.

"Mwanangu, nimepiga deki sakafu. Mashine sijaipiga deki."

Miaka ile watu walikuwa wamekamatwa kwa kuficha sabuni uvunguni, na neno hujuma lilikaa mdomoni kama mswaki. Meneja naye alikuwa na hofu yake: wafadhili wakiuliza, atawajibu nini? Akaona heri awahi kumtaja mtu kabla hajatajwa yeye. Mchana huohuo mgambo wawili wakamfuata Mzee Saburi mpaka kwake, wakamtangazia mbele ya majirani kwamba asitoke kijijini, na kwamba Jumatatu kutakuwa na kikao cha wafanyakazi juu ya hujuma yake. Kikao kikimtia hatiani, anakwenda polisi. Kazi, kiinua mgongo na jina lake, vyote vilikuwa vinangoja Jumatatu.

Zubeda akaitwa aithibitishe habari hiyo.

"Mama Maneno," Meneja akamwambia, kwa jina la mwanawe wa kwanza, "wewe sema tu imeungua kwa maji, tumalize."

"Imeungua nani?"

"Mashine."

"Mashine imelia, Ndugu Meneja. Maiti haipigi honi. Mlio huo maana yake mwili mzima, ila kadi ya kioo haiitiki."

Kadi ni ubao mwembamba wa kijani, wenye vidude vyeusi mgongoni kama kupe, unaochomekwa ndani ya kompyuta. Ile ya kioo ndiyo inayopeleka maandishi yaonekane. Zubeda akachomoa waya wa umeme, akafungua bodi kwa bisibisi, akaangaza kwa tochi muda mrefu. Ndani kulikuwa na vumbi jembamba, limetanda kote.

"Maji yakipita juu ya vumbi yanaacha njia," alisema. "Nionyesheni njia."

Hatukuiona. Meneja akasema maji yamekauka. Zubeda akaichomoa kadi, na Meneja akaruka kwa furaha akionyesha doa la kahawia. "Hii hapa! Imeungua!"

"Hiyo ni gundi ya kulehemea, imetoka nayo kiwandani. Kitu kikiungua kinanuka. Nusa."

Meneja akanusa.

"Inanukaje?"

"Haina... haina harufu."

"Haya, tuendelee."

Akayasugua meno ya kadi kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa, akaichomeka tena. Mlio uleule. Akaihamishia tundu jingine. Mlio uleule. Hapo nilimwona akikaa kitini, na si kawaida yake kukaa. Kadi ilikuwa inaanza kuonekana mbovu kweli.

"Maji umeyakataa," Meneja akasema, sasa kwa upole, "lakini kitu hakiharibiki bila sababu. Usiponipa sababu yako, yangu ndiyo itakayokwenda kikaoni."

"Hiyo ni haki yako," Zubeda akajibu. "Lakini kadi haijapimwa. Kesho lori la miche linakwenda Kisarawe. Wenzetu wa kule wanayo mashine pacha ya hii. Nitaichomeka humo. Ikiitika, ugonjwa uko huku. Isipoitika, uko ndani ya kadi yenyewe."

Meneja akakubali, ila akanituma na mimi niende nimchunge asije akaibadilisha kadi njiani. Zubeda aliposikia akacheka. "Kapeleka fisi achunge bucha," akaniambia. "Panda." Kadi aliifunga ndani ya karatasi ya fedha aliyoibandua kwenye kasha la majani ya chai, akanikataza hata kuigusa. Alisema mwili wa mtu una umeme mdogo usiousikia, unaotosha kuiua kadi kimyakimya. Nilikaa juu ya magunia nimekunja mikono kama niko kwenye swala, nikiogopa umeme wangu mwenyewe.

Kwenye kituo cha Kisarawe mwenye mashine alikuwa Margareth, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba, aliyesoma chuo kimoja na Zubeda. Walikumbatiana, wakaulizana watoto, wakacheka. Zubeda akafungua karatasi, kicheko kikakatika.

"Kadi ya mgonjwa? Kwenye mashine yangu? Zubeda, mtu mwenye upele unamleta alale kitanda changu?"

"Nimeikagua. Haijaungua, haina mguso wa maji."

"Ikinifia hii, Jumatatu na mimi naitwa mhujumu."

"Ikikufia, taja jina langu. Huyu hapa shahidi, katumwa maalumu na Meneja, hasemi uongo ila akiwa na njaa."

Margareth akanitazama, akaleta mihogo ya kuchemsha kwanza, ndipo akafungua mashine yake. Wakatoa kadi nzima, wakaweka ya kwetu, wakawasha. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Kioo giza.

Zubeda akabaki anakitazama kioo. Nilijua anafikiria nini, maana hata mimi nilikuwa namwona Mzee Saburi kaketi mlangoni kwake anangoja mgambo. Kadi ndiyo mbovu, basi. Ningekuwa mimi ningekula mihogo, nikarudi.

Yeye akazima, akachomoa waya, akaitoa kadi, akaiinua usawa wa jicho, ubavuubavu, kama fundi cherehani anavyotazama kama pindo limenyooka. "Margareth, njoo utazame huyu." Kidude kimoja cheusi, katika vile vinavyokalia vijitundu bila kulehemewa, kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Kimeinuka kidogo sana, ukucha tu. Akaweka kadi juu ya kanga iliyokunjwa, akakandamiza kwa kidole gumba. *Krak.* Sauti ya kuvunja njugu. Akakandamiza na wenzake wote. *Krak, krak.*

Wakawasha. Kioo cha Margareth kikajaa maandishi ya kijani.

Tulipiga kelele mpaka mlinzi wa nje akaja. Margareth akapiga kigelegele kwa sauti yake ile nyembamba. Lakini Zubeda alikuwa ameshahamia kwenye swali la pili.

"Kidude hiki kimetambaa. Kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinanywea, kila siku kinapanda kidogo, mwisho kinaachia. Lakini mashine zimekuja pamoja. Chako mbona hakijatambaa?"

"Yangu inapumua," Margareth akasema. "Feni yake iko mgongoni, weka mkono usikie." Zubeda akaweka mkono. Upepo ulitoka pale mfululizo. "Kwani yenu?"

"Yetu tumeivisha."

"Ikiwa imezimwa, sivyo?"

Zubeda akauondoa mkono kwenye feni.

"Zubeda. Mnaivisha ikiwa inawaka?"

"Tunakunja mbele tu," nikasema mimi, kwa kuwa shahidi hasemi uongo akishiba.

Margareth akajaribu kumsaidia. Akamwambia kadi imepona, inatosha, sababu aseme ni joto la Pwani. Zubeda akatingisha kichwa. "Joto la Pwani lipo na hapa kwako. Nikisema hivyo, Meneja atasema Saburi kaitikisa kwa fagio, na mimi sitakuwa na la kumjibu." Njia nzima ya kurudi hakunitania hata mara moja, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu wafanyakazi wote tulijazana chumba cha mashine. Mzee Saburi aliletwa, akasimama ukutani amevaa kanzu ya Ijumaa. Zubeda akaichomeka kadi, akawasha, kioo kikawaka. Watu wakapiga makofi. Meneja akauliza sababu, na Zubeda akakibeba kile kitambaa cha maua kwa mikono miwili, akakitandika mezani mbele yake.

"Huyu ndiye mhujumu. Aliziba pumzi ya mashine, ikachemka, vidude vikatambaa. Na aliyemfuma ni mimi."

Meneja akakitazama kitambaa, nadhani akaikumbuka na picha yake. Akakohoa.

"Sasa, Mama Maneno... hiyo si hujuma. Hiyo ni hitilafu ya joto. Haikukusudiwa."

"Ijumaa, ilipokuwa ya Mzee Saburi, ilikuwa hujuma. Leo imekuwa yangu, imekuwa joto?"

"Wewe ni fundi wetu, tunakuhitaji."

"Basi niandikie onyo, nimelistahili. Nilikuwa nayo kila siku, ilitakiwa nijue. Lakini Mzee Saburi hakusemwa humu ndani peke yake. Mgambo walimsema Mlandizi, uani kwake, mbele ya watu. Neno likatolewe palepale lilipowekwa."

Meneja akatafuta uso wa kumsaidia, akakosa. Hata mimi, mjumbe wake wa Kisarawe, nilikuwa nasoma dari.

Onyo aliliandika, na Zubeda akalipokea bila kununa. Jioni tukaenda Mlandizi, Meneja, Zubeda, Mzee Saburi na mimi, nisiyehitajika lakini nisiyekosa. Majirani wakajitokeza mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu anatafuta kuku, huyu anachuma mchicha. Mzee Saburi akaketi kwenye mkeka wake, akatulia. Meneja akavua viatu, akainama.

"Shikamoo, Mzee Saburi."

"Marahaba."

"Nimekuja kusema kwamba hukuharibu kitu. Mashine haikumwagiwa maji. Nilikusingizia. Naomba radhi, na kesho tunakungoja kazini."

Mzee Saburi akatazama upande wa ua wa jirani yake.

"Rudia, mwanangu, kwa sauti. Mwishehe pale ana masikio mazito."

Kutoka nyuma ya ua wa mabua Mwishehe akaitika, mkononi ameshika jani moja tu la mchicha.

"Nimesikia vizuri! Lakini mwache arudie."