Usiku Ule Wabunge Walilala Wapi

Kwa miaka mingi Mama alikataa kuomba uraia wa Marekani, na sababu alikuwa nayo. Kaka yake, mbunge huko kwetu Kongo, alisimama bungeni akampinga rais. Wiki hiyohiyo akachukuliwa nyumbani kwake, hatukumwona tena. Mama alijifariji kwa jambo moja tu, kwamba ndivyo dunia ilivyo: popote pale, anayempinga rais hufa. Sasa uraia wa nini, kama rais ni rais?

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilimburuta hadi darasa la uraia kwenye ukumbi wa kanisa, Houston. Joto lilikuwa limetukaba koo. Mwalimu, bibi mstaafu, Mmarekani mweusi, alisimulia yaliyofuata baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, nami nikitafsiri. Rais wao wa wakati huo, mtu aliyewahi kuwa fundi cherehani, alitaka majimbo yaliyoshindwa yarudi haraka kwenye muungano, na watu weusi waliotoka utumwani waachiwe mabwana walewale. Bunge likakataa. Likatunga sheria ya kuwalinda, yeye akagoma kutia sahihi, likaipitisha hivyohivyo. Ugomvi ukakua mpaka wabunge wakamshtaki rais, wamwondoe madarakani.

Nilipotamka "wakamshtaki rais", Mama aliinuka akafunga mlango. Baba mmoja wa Uvira akafunga madirisha. Mwingine akawasha redio, akaipandisha sauti. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Kwetu ndivyo rais anavyozungumzwa. Mwalimu akaduwaa, jasho likimtiririka. Nikacheka, kisha nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nanong'ona.

"Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo zinaumia," Mama akaniambia. "Bale batu beusi, balikufa bote?"

"Wengi waliuawa, Mama. Lakini uraia waliupata, umo kwenye katiba mpaka leo. Babu wa babu yake mwalimu alipiga kura hapahapa Texas."

"Na ule président?"

"Aliponea kwa kura moja. Akamaliza muda wake, akarudi kwao. Baadaye akachaguliwa seneta, akaketi na baadhi ya walewale waliomhukumu."

Mwili ulinisisimka nikiyasema hayo. Nimekulia kanisani, nimesikia bahari ikigawanyika na wafu wakifufuka, lakini siku ile ndipo nilipojua maana ya kustaajabu. Watu wamegombana na rais mbele ya nchi nzima, na hakuna aliyeita askari!

Mama akanishika mkono. "Uliza mwalimu. Ile usiku, ba-députés balilala wapi?"

Nikauliza: usiku ule wa kumshtaki rais, wabunge walilala wapi? Mwalimu alinitazama kana kwamba nimekosea kutafsiri. Akasema walilala majumbani mwao, wangelala wapi kwingine?

Nilidhani Mama atafurahi. Nilishaandaa hata utani wa kumpeleka ofisi ya uhamiaji Jumatatu. Yeye akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, matanga ya kaka yake ambayo hatukuwahi kuyaweka.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema. "Kumbe kaka yangu angeweza kulala kwake."