Mahari ya Naliaka

Tangu Jumamosi iliyopita sijaweza kumpigia kaka yangu wa Bungoma simu. Nina aibu.

Binti yake, Naliaka, alikuwa amekataliwa na vyuo mpaka akaacha kusalimia watu. Kisha kaka akanipigia huku Kitale: "Dada, Naliaka amepata mahari. Njoo Jumamosi tushukuru Mungu."

Nikajiambia, maskini, amechoka kungoja, ameamua kuolewa. Nikanunua leso na sufuria kubwa, nikaenda.

Nilikuta hema limejaa, na karibu na Naliaka amekaa mwanamume nadhifu, amevaa tai. Nilipoitwa nisalimie watu, nikamshika yeye mkono.

"Asante, mkwe wetu," nikasema kwa sauti ya kanisani. "Vyuo vilimkataa huyu mtoto, lakini wewe umemchukua hivyo hivyo."

Naliaka akainamisha kichwa.

"Mama, mimi ni mwalimu wake wa baiolojia," mwanamume akasema polepole.

"Shangazi, ni mahali," Naliaka akanong'ona. "Nimepata mahali chuoni, nisomee uuguzi."

Nikamgeukia kaka, sufuria ingali kwapani.

"Si ndiyo nilikwambia, bana?" akasema. "Mahari."