Mbao Zisizomaliza Msitu

Mwaka wa 2007 nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya sakafu mjini Nakuru. Tuliuza vigae, karpeti za plastiki na mbao za sakafu. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyelirithi kutoka kwa babake. Alikasirika mara chache, na akikasirika alinyamaza tu.

Mwaka huo wateja walipungua. Maduka mengine yalikuwa yameanza kuleta vigae rahisi, na mzee akamwita mshauri wa biashara kutoka Nairobi. Sitamdharau yule mtu, kwa sababu mengi aliyotuambia yalikuwa na maana. Alisema mteja apewe vipande vya kwenda navyo nyumbani avione kwa mwanga wa kwake. Alisema tusimwulize anataka nini, tumwulize nani anaishi humo, kama kuna mtoto anayetambaa, kama kuna mgonjwa. La mwisho alilisema akiwa amesimama mlangoni.

"Watu wanasikia kwenye redio kila siku kwamba msitu wa Mau unaisha. Waambieni mbao zenu hazimalizi msitu. Hapo mtawapita hao wengine."

Mzee akanigeukia. "Mama, wewe una mwandiko mzuri."

Nikaandika kibao kwa rangi ya kijani: mbao zetu hutoka kwa miti ya kupandwa, hazimalizi msitu. Sikumwuliza mtu yeyote kama ni kweli. Kiwanda cha Elburgon kilichotuuzia kilikuwa kimesema hivyo siku moja, na mimi nikaona inatosha.

Mwalimu mstaafu kutoka Molo alikuja wiki chache baadaye. Alikuwa amejenga nyumba na alikuwa akiishi na mjukuu wake mwenye kifua kibaya, na sakafu ya simiti kwa baridi ya Molo ilikuwa inamuumiza mtoto. Alisoma kibao, akakisoma tena.

"Nimefundisha watoto kupanda miti maisha yangu yote," akasema. "Siwezi kung'oa msitu nikautandike sebuleni. Una hakika na haya maneno?"

"Nina hakika, mwalimu."

Alinunua za vyumba vitatu.

Mwezi wa Oktoba mzee alinituma Elburgon nikapige picha za kubandika dukani. Mbele ya kiwanda kulikuwa na magogo ya saiprasi, miti ya kupandwa, yaliyopangwa vizuri, nami nikayapiga picha. Halafu nikazunguka nyuma kutafuta choo, nikakuta magogo mengine, manene kiasi kwamba watu wawili wasingeyakumbatia.

"Hii ni miti gani?" nikamwuliza fundi wa msumeno.

"Hiyo ni podo, mathe. Inatoka ndani kabisa ya msitu. Hiyo ndiyo sakafu yenu."

"Na saiprasi?"

Akacheka. "Saiprasi ni laini. Mwanamke akipita na viatu vya kisigino, inabaki na mashimo. Nani atanunua?"

Hata mtoto wa shule alijua kwamba miti ya ndani ya msitu ilikuwa imekatazwa kukatwa. Nilirudi na picha za saiprasi nikamweleza mzee kila kitu. Akavua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu.

"Stoo imejaa," akasema. "Tumalize hizi kwanza."

Kesho yake niliteremsha kibao. Mzee akakiokota, akakitundika tena kwa mikono yake, bila kunisemesha. Nami nikaendelea kuuza. Nambari ya simu ya mwalimu nilikuwa nayo. Nilijiambia nitampigia Krismasi ikipita, watu wakiwa wametulia.

Krismasi ilipita, kura zikapigwa, na hakuna aliyetulia. Nyumba zilichomwa Molo katika vurugu za uchaguzi, kisha Nakuru yenyewe ikawaka na duka likafungwa. Tulipofungua mwezi wa Februari, nilisikia mwalimu yuko kwenye kambi ya waliokimbia makwao, katika uwanja wa maonyesho. Nikaenda.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia mbele ya hema. Nyumba yake ilikuwa imebaki kuta tu. Sijui kwa nini sikuweza kungoja. Nilimwambia palepale kuhusu podo, kuhusu kibao, kuhusu miezi niliyokaa kimya.

Aliniangalia kama mtu aliyechoka kabisa.

"Nambari yangu ulikuwa nayo, na ulijua tangu Oktoba," akasema. "Leo sina hata mlango, ndipo unakuja kunitwika hii?"

"Samahani, mwalimu."

"Mimi nitafanyia nini hiyo samahani? Mtoto analala kwenye nyasi zenye maji. Nendeni mlete kitu cha kutandika."

Nilirudi dukani nikamwambia mzee, na sikumficha hata neno moja nililoambiwa. Alifungua stoo, tukapakia karpeti za plastiki kwenye pikapu, akaendesha mwenyewe. Alasiri nzima tulikata na kutandika, hema baada ya hema, yeye akiwa amepiga magoti na kisu mkononi kama fundi wa kibarua. Mwalimu alitushikia upande wa pili wa karpeti. Hakutusemesha ila pale tulipokata vibaya.

Baada ya hapo mzee aliacha kununua podo. Tulileta saiprasi, na tukawaambia wateja waziwazi kwamba ni laini na itabaki na alama. Wengine walituelewa. Wengi walivuka barabara wakaenda kwa jirani, aliyekuwa bado na podo na ambaye hakuulizwa chochote. Mzee alisema mshauri angetucheka.

Mwezi wa Aprili nilienda tena kambini nikiwa na unga na sukari. Hema la mwalimu lilikuwa na familia nyingine. Mama wa humo aliniambia kaka yake mwalimu alikuja kumchukua yeye na mtoto, wakaenda upande wa Nyahururu. Nikamwuliza kama mwalimu aliacha ujumbe wowote.

"Kwa nani?" akaniuliza.

Nilimpa ule unga na sukari, nikarudi kazini.