Kidole Upande wa Pili wa Triga

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila ninaposimulia jambo hili, na nimechoka kulijibu mwishoni. Sikuwa na homa, sikuwa nimekesha, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua la Texas limesimama utosini kama lina kesi na mimi. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka, soma tu, lakini usisome huku unakula.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilizaliwa Korogwe, nikamaliza kidato cha nne palepale, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nimeuza simu Mombasa, nimefua mashuka ya hoteli Muscat, na huku Marekani nilianzia Houston, mtaa wa Gulfton, kwenye yale maghorofa ambayo kila mlango unanukia chakula cha nchi yake. Kisha nikahamia Lewisville, jirani na Dallas, kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Kila nilipo, natamani nilipotoka. Huo ndio ugonjwa wangu, na ndio ulioniponza.

Sasa, nikapata ahadi ya kazi Houston: kulinda ghala, mlinzi mwenye silaha. Kazi ya kudumu. Kwa mara ya kwanza nikajiona ninapanga nyumba, ninanunua kitanda changu, ninaacha kulala kwenye kochi la watu. Kilibaki kikwazo kimoja, mtihani wa shabaha siku ya Jumamosi. Bastola nilikuwa nayo, nimeinunua kihalali. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Risasi zangu zote zilikwenda chini kushoto, kama vile kuna mtu aliyezitega huko.

Nilifikia kwa rafiki yangu Njoroge, Mkenya, muuguzi, anakaa Sharpstown, hukohuko Houston. Tulichangia chumba miaka ile ya Gulfton, na alipougua nyongo mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko. Nakuambia hivyo ujue huyu hakuwa mtu wa kupita njia. Yeye ndiye aliyenishauri nibadilishe triga, kile kichuma unachokivuta kwa kidole ili risasi itoke. Triga ya kawaida imepinda kama mwezi mwandamo. Siku hizi wanauza nyingine ambayo uso wake ni bapa kabisa, umenyooka kama rula. Wanasema kidole kinatua palepale kila mara, na bastola haiyumbi.

"Buda, hiyo yako ya kiwandani ni kama kuvuta punda," Njoroge aliniambia. "Weka hiyo ya flat. Hata shosho wangu, na uzee wake wote, atapiga katikati."

Nikaiagiza. Nikaifunga mwenyewe kwenye meza yake ya jikoni, bastola tupu, video kwenye simu naisimamisha na kuiendesha, pini zake ndogo nimezipanga kwenye kisosi. Njoroge amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Ukibakisha pini hata moja kwa hicho kisosi, mimi sikujui," akasema.

Hakikubaki kitu.

Jumanne hiyo tukaenda uwanja wa shabaha ulioko nje ya mji. Ni banda refu la bati, chini yake meza za mbao, mbele mchanga mtupu, na mwisho kabisa tuta la udongo la kupokea risasi. Siku za kazi hapana watu. Tulikuwa sisi wawili na msimamizi, mzee wa Kizungu mwenye filimbi shingoni, ameketi kwenye kibanda chake na feni.

Niseme ukweli: ile triga ilikuwa tamu. Unaweka kidole, ncha yote inalala juu yake. Unavuta kidogo, inateleza, inafika mahali inagoma. Unaongeza pumzi moja tu, inakatika kama kijiti kikavu. Katika risasi kumi, saba zilikaa kwenye duara la katikati. Njoroge akapiga mluzi. Karatasi za shabaha zikatuishia, akaenda kuleta nyingine kwenye gari, ambalo tuliliegesha mbali, nje ya geti.

Nikaitoa bastola risasi zote, nikailaza mezani. Njaa ikanikumbusha kwamba nilikuwa na pilau kwenye kontena, nimeipika asubuhi, ya mbuzi, na kachumbari yake pembeni. Pale ukutani wamebandika onyo kwa herufi kubwa: nawa mikono kabla ya kula, risasi zina sumu. Nikanawa vizuri kwenye bomba, nikakaa, nikaanza kula kwa mkono kama nilivyolelewa.

Tonge la tatu, nikainua macho. Kuna mtu amesimama upande wa pili wa meza.

Gari sikulisikia, na changarawe ile hata paka akipita utamsikia. Mzee mweusi, mnene kiasi, amevaa sweta la sufu lililofungwa hadi shingoni. Joto lile! Usoni hana hata tone la jasho. Ila mikono yake ilikuwa imelowa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alilitazama kontena langu.

"Pilau ya kwetu hiyo," akasema. Kwa Kiswahili, tena kile cha kwetu, cha kuvuta maneno.

Nami nikasema, "Karibu."

Wewe uliyelelewa na Kiswahili unalijua neno hili. Mtu akikukuta unakula, unamkaribisha. Awe jirani, awe mpita njia. Naye anajua la kujibu: ahsante, nimeshakula. Au ananawa, anaonja matonge mawili, anashukuru. Nani aliwahi kufikiri kabla ya kulisema?

Yule hakushukuru, na hakunawa. Aliketi, akatia mkono.

Ndugu yangu, ule mkono. Ngozi yake ilikuwa imefura na kukunjamana kama ya mtu aliyekaa majini siku tatu. Ncha za vidole vyake hazikuwa za mviringo kama zako na zangu. Zilikuwa bapa, laini, hazina mistari, kama zimepigwa pasi. Alikuwa anachota, anatia mdomoni, ananyonya vidole vyote vitano mpaka kwenye vifundo, kisha anavirudisha vilevile chakulani. Wali uliobaki kwenye midomo yake ulikuwa ukianguka upande wangu wa kontena, umenata na mate. Na harufu! Unakijua kile kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye ndoo? Hiyo.

Utasema, mbona hukuondoa chakula chako? Nani kati yetu anamwondolea mgeni chakula, tena mtu mzima? Na kuna jambo jingine. Alikuwa anaongea. Huku anatafuna alinitajia Korogwe. Machungwa yanayoninginizwa madirishani mabasi yakisimama. Kichochoro cha nyuma ya soko. Yule mama wa mihogo ya kukaanga, mguu mmoja mfupi, aliyekuwa anatupunja chumvi na kutuita wakwe zake. Miaka kumi na moja sijamsikia mtu akimtaja mama yule! Macho yakanijaa maji. Nikamsogezea kontena lote, mimi nisitie tena mkono.

Akamaliza. Akaielekezea kidevu bastola.

"Na hii je? Hii hunikaribishi?"

"Karibu, mzee," nikasema. Mara ya pili hiyo. Ningeweza kunyamaza.

Aliichukua kwa vidole vinavyong'aa mafuta. Hakuielekeza kwenye shabaha, wala hakuuliza kama ina risasi. Aliisogeza karibu na uso, akaisugua ile triga bapa kwa kidole, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto midomo. Halafu akatoa ulimi, mrefu, wa kijivu, akailamba. Aliilamba ndani ya kile kitundu cha kupitishia kidole, juu na chini, mpaka mate yakachuruzika kwenye mpini.

"Ni padogo," akasema, "lakini nitaenea."

Nikageuka nikatapika nyuma ya benchi. Nilipojifuta mdomo na kuinuka, hapakuwa na mtu. Kontena lilikuwa jeupe, limelambwa, na mifupa imepangwa mmoja juu ya mwingine kama kuni.

Njoroge akarudi na karatasi zake. "Umemaliza yote?" akashangaa. "Hata mfupa hukuniwekea? Wewe ni fisi kabisa."

"Hukumwona mzee hapo njiani?"

"Mzee gani? Nimekutana na jua tu."

Ningeondoka wakati ule, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia. Lakini Jumamosi ilikuwa mbele yangu, na kazi, na kile kitanda. Nikaifuta bastola yote kwa spiriti kutoka kwenye begi la Njoroge la hospitali, nikafuta mara tatu. Nikajaza risasi kumi na tano, nikasimama kwenye mstari, nikaweka kidole.

Ilikuwa na joto.

Jaribu hivi: gusanisha ncha ya kidole chako na ncha ya kidole cha mtu mwingine. Sasa fikiria kwamba kile kidole kingine kimelowa, hukioni, na kinakusukuma. Triga ile ilikuwa laini. Ilikuwa na mapigo. Nilipovuta, ilinivuta. Risasi ya kwanza ikapita katikati kabisa. Ya pili ikapita kwenye tundu la ya kwanza. Nilitaka kuacha hapo, naapa, lakini mkono ulikuwa unaendelea, tatu, nne, tano, na kila risasi ikiondoka nilihisi kidole changu kinanyonywa. Mpaka kumi. Tundu moja tu kwenye karatasi.

"Manze!" Njoroge alipiga kelele. "Manze! Huyu ni nani nimekuja naye?"

Msimamizi akapuliza filimbi. Maana yake ni wote tusimamishe, tutoe risasi, tuweke silaha mezani, naye apite akague ndipo mtu aingie mbele. Njoroge anazijua sheria zile kuliko mimi. Lakini furaha ilimzidi. Alikwishavuka mstari, anakimbilia karatasi yangu akaione kwa karibu, simu mkononi apige picha.

Mimi kidole hakikutoka.

Nilikivuta, kimeganda. Zilibaki risasi tano ndani. Na bastola ikaanza kugeuka. Polepole, kama mtu anayemfuata nzi kwa macho. Njoroge akienda kushoto, mtutu unakwenda kushoto. Akiinama, unainama. Nikahisi ile triga inateleza kidogo, inafika pale inapogoma, na huko upande wa pili kitu kinavuta pumzi ile moja ya mwisho.

"Njoroge, lala! Lala chini!"

Aligeuka. Aliniona. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Nikaukamata mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, kama unavyomkamata mwizi, nikaukandamiza chini kwa uzito wa mwili wote, na nikakitoa kidole kwa nguvu. Kilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye nywele. Risasi ikalia, ikazama mchangani hatua mbili mbele ya miguu yangu. Bastola ikaanguka. Na pale kwenye triga, imenyooshwa vizuri, haina hata mkunjo, ilikuwa imebaki ngozi ya kidole changu. Mistari yake naiona. Nyama ya kidole iko wazi, na haikutoka damu hata tone.

Msimamizi alinifukuza palepale, akaandika jina langu, na ndiye aliyekuwa asimamie mtihani wa Jumamosi. Kazi ikaishia mchangani. Lakini hiyo si hasara ninayoililia.

Njoroge alinifunga kidole kwa bandeji, nyumbani kwake, kwa mikono ileile inayotibu watu kila siku.

"Mtutu ulikuwa unanifuata," akasema. "Nilikuona."

"Haikuwa mimi, Njoroge. Nakuapia."

"Kidole kilikuwa cha nani?"

Alinipeleka kituo cha basi jioni ileile, akashusha begi langu, akaondoka bila kuzima injini. Simu zangu hazipokei. Nimemwandikia, hajibu. Mtu niliyemlisha uji, leo anaamini kwamba nilitaka kumuua, na nikijiweka mahali pake, mimi pia ningeamini.

Ile bastola nilimpa fundi wa silaha huku Lewisville aikate vipande. Alinipigia simu baada ya wiki mbili, ana hasira, akaniuliza ni nyama ya mnyama gani niliyoibandika kwenye triga, na mbona haikauki.

Kidole kimepona. Ncha yake sasa ni bapa, laini, haina mstari hata mmoja, na daima imelowa, nifute nisifute. Chakula kikiwekwa mezani, ndicho kinachotangulia kunyooka. Siku moja nilikikuta kimo ndani ya mchuzi wa watoto wa kaka yangu, mimi nikiwa naangalia televisheni. Tangu siku hiyo nakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia nimeukalia.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye ugenini na njaa ya kusikia lugha ya kwenu. Mtu akikukuta unakula, msalimie kwanza, na ungoje. Asipoitikia salamu yako, funika chakula, hata kama anamjua mama aliyekuuzia mihogo utotoni. Mimi siku hizi simkaribishi mtu yeyote. Naugeukia ukuta, nakula peke yangu, kimya. Shemeji, mke wa kaka yangu, anawaambia watu kwamba nimekuwa mchoyo, kwamba Marekani imeniharibu. Namwacha aseme.