Mwekundu Ana Upara

Jirani yetu Mnyamwezi alikuwa muongo. Mpaka leo nikikumbuka uongo wake damu inanichemka, ingawa ndio uliompa bibi yangu macho.

Tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Makole, miaka ile televisheni zilipoanza kuingia hata kwenye nyumba za makarani kama baba, na deki za CD zikawa zinauzwa mpaka kwa fundi saa. Chumba cha uani kwetu alikuwa amepanga mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, kijana mpole aliyefundisha hesabu na aliyejifunza kula mlenda bila kuchafua shati. Alipomaliza muda wake akatuachia ndoo, sufuria, na mfuko wa CD alizokuwa akitumiwa na mama yake. Humo mlikuwa na mchezo wa vijana watano wenye nguo za kubana na kofia ngumu, kila mmoja na rangi yake, wanaozunguka dunia kutafuta hazina za kale kabla watu wabaya hawajazifikia. Wakizidiwa, magari yao yanaungana na kuwa jitu la chuma. Kiongozi wao alikuwa Mwekundu. Na yote hayo kwa Kijapani kitupu, hakuna hata neno moja la Kiswahili chini ya picha.

Bibi, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka kijijini Makutupora msimu huohuo. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, tangu kabla sijazaliwa. Alitofautisha mwanga na kivuli, basi. Zabibu za shamba lake alizichuma kwa vidole, na mimi alinijua kwa vidole vilevile. Likizo nikienda kwake alinipapasa kichwa, masikio, mabega, kisha akasema, "Umekua, mke mwenzangu." Ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike. Lakini uso wangu alikuwa hajawahi kuuona, na hilo liliniuma sana. Nilitaka anione. Sikumwambia mtu, nilibaki nalo tumboni.

Baba alimleta kwa sababu madaktari wa kutoa mtoto wa jicho walikuwa wanakuja hospitali mwisho wa mwezi, wakae siku chache waondoke. Bibi akaja, akaoga, akala, akakataa. Kijijini kulikuwa na mwanamke aliyepasuliwa akarudi hata ule mwanga haoni.

"Hiki kidogo nilicho nacho nakijua," alisema. "Zabibu zikianza kuiva nirudisheni kwangu."

Baba alipojaribu kuongeza neno, bibi alimuuliza kati yao nani alimzaa mwenzake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi jioni nikawa namkalisha mkekani mbele ya televisheni, siku umeme ukiwapo. Kazi tuligawana bila kupanga. Mimi nilimwambia kinachoonekana, yeye aliniambia wanachosema.

"Bibi, Mwekundu ameingia pangoni, ameshika chungu cha dhahabu. Kuna mzee amemzuia njia."

Bibi aliinamisha sikio. "Mzee anamwambia hicho si chako. Kijana anajibu, najua, lakini nikikiacha wezi watakichukua. Umesikia alivyoshusha sauti? Ana adabu huyo. Mbukwa, mwanangu!"

Alimwamkia kwa Kigogo kila alipotokea, kama mtu aliyepita uani kwake. Na hazina ikichukuliwa bila mwenyewe kuulizwa, alifoka: "Mwambie arudishe!" Nikawa namwambia kweli, napiga kelele kwenye kioo.

Siku moja nilimuuliza Kijapani alikijulia wapi.

"Kiswahili chenyewe nilikijulia wapi?" alisema. "Nilikaa sokoni na vikapu vyangu nikasikiliza. Maneno huja mwisho. Kwanza unasikia nani anaomba, nani anadanganya, nani ana njaa."

Watoto wa mtaa waliposikia habari hizo walijaa sebuleni kwetu, na wote waliamini bibi yangu anajua Kijapani. Mimi sikuwasahihisha. Nisahihishe kitu gani?

Sasa huyo Mnyamwezi. Alikuwa mama wa makamo, mke wa dereva, ukuta kwa ukuta na sisi. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na mtani kwa mtani hana mipaka. Zamani misafara ya Wanyamwezi ilipokatiza Ugogo na mizigo ya watu kichwani, wenyeji waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, ndipo wapite na kunywa maji. Kwa hiyo kila alipobisha hodi, bibi alimzuia mlangoni.

"Mpagazi, lipa hongo."

Naye alitoa karanga kwenye pindo la kanga. "Shika, mchoyo wa maji. Kumbe hujafa tu?"

"Nife nikuachie nani wa kukutukana?"

Wakacheka mpaka machozi. Mimi nilikuwa napenda ujio wake, mpaka siku ile madaktari walipofika mjini na baba akaenda kumwona kwake. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nikasikia.

"Mama amekuwa mgumu," baba alisema. "Sisi ni wanawe, hatuwezi kumsema. Wewe unaweza."

"Niachie," alijibu.

Jioni akaja, akalipa hongo yake, akaketi kati yangu na bibi. Mchezo ukaanza. Hata sijafungua mdomo, akashika kichwa.

"Haa! Mwekundu wenu amekufa!"

"Amekufa wapi?" bibi alishtuka. "Sauti yake hiyo naisikia."

"Hiyo ni ya mdogo wake. Tena aliyemsukuma ni mwenzao Pinki, nimemwona."

"Muongo!" niliruka. "Bibi, yupo hai, amesimama juu ya mwamba!"

"Mtoto anakuonea huruma," Mnyamwezi alisema taratibu. "Hataki kukupa msiba."

Baba alinitazama kwa jicho la kunyamazisha. Sikunyamaza. Kesho yake alirudi na mapya. Eti Mwekundu akivua kofia ni mzee, ana upara na kitambi. Eti ile dhahabu wanayoihangaikia ni sufuria zimepakwa rangi. Nilibisha mpaka sauti ikakauka, yeye akatafuna karanga. Bibi aligeuza sikio kwangu, akaligeuza kwake. Sikio lililojua waongo wote wa sokoni safari hii lilishindwa, kwa sababu mtani hadanganyi, anatania, na sauti yake haina woga. Nikaona bibi ameweka mikono mapajani na haulizi tena. Nilimchukia yule mama, Mungu anisamehe, nilitamani karanga zimkabe.

Ndipo akazima televisheni.

"Mgogo," alisema, na safari hii hakucheka. "Leo nakudanganya mimi, kwa kicheko. Kesho atakudanganya mnunuzi wa zabibu zako. Keshokutwa wanao watakuambia wameshiba nawe utaamini. Unabishaniwa kitu kilichoko mbele ya pua yako! Madaktari wanaondoka Ijumaa."

Angeyasema baba maneno hayo, angekula laana. Bibi alichukua karanga moja, akaimenya kwa kidole gumba, hakuila.

"Na nikirudi kipofu kabisa?"

"Nitakubeba mgongoni mpaka Makutupora. Babu zangu walibeba mizigo mizito kuliko wewe, na hongo wakalipa."

"Utanibeba kweli, Mnyamwezi?"

"Nitakubeba."

Bibi akavuta pumzi. "Haya, nipelekeni. Siwezi kufa sijajua kama yule kijana ana upara."

Alilala hospitali. Mimi niliambiwa niende shule, na shuleni sikuandika kitu. Niliogopa. Sasa ilinijia kwamba mwanamke wa kijijini naye alipelekwa na watu waliompenda.

Siku aliyorudishwa, watoto wa mtaa walikuwa wameshajaa mkekani, na Mnyamwezi alikuwa ameweka CD tayari. Baba alimwingiza bibi amemshika mkono. Jicho moja bado lilikuwa na ukungu wake, hilo wangelitoa safari nyingine. Jingine lilikuwa wazi, jekundu, linalengwa na machozi. Aliruka kizingiti mwenyewe bila kukipapasa kwa mguu. Tukashangilia. Kwenye kioo Mwekundu alikuwa amevua kofia, nywele tele.

"Haya Mgogo, tazama upara wako!" Mnyamwezi alipiga kelele.

Bibi hakutazama.

"Mke mwenzangu yuko wapi?" aliuliza.

Mimi niliyesema mwezi mzima, sasa nilingoja anitambue mwenyewe. Tulikuwa wasichana wengi pale, umri mmoja, wote vipara vya shule, na wote tumemtolea macho. Bibi alianza mwisho wa mkeka, akaja uso kwa uso. Akanifikia. Akanitazama. Halafu akapita, akaenda kwa mwenzangu.

Hakunijua. Angenijuaje? Nilimsimulia majitu, mapango na dhahabu za Wajapani, lakini sura yangu mwenyewe sikuwahi kumsimulia. Nilisikia uchungu hata nikataka kukimbilia uani. Badala yake nikasema kwa sauti ileile ya kila jioni:

"Bibi, kuna mtoto amekaa karibu na mlango. Amevaa gauni la njano. Ana mwanya. Analia."

Bibi aliinamisha sikio kwanza, kwa mazoea. Kisha akageuka, akaniona.

"Anasema nimechelewa," alisema, akaja kwangu.