Sahani ya Bluu ya Onyiego

Esnah hakuwa mtu wa kulia ovyo. Siku ya kumzika mume wake, Onyiego, wanawake wa kanisa walimzunguka wakingoja aanguke, naye akawauliza kama wageni wameshapewa chai. Lakini asubuhi alipofungua banda na kumkuta kuku wa nne amelala chali, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia hadi leso ikaloa.

Kuku wanne katika wiki tatu, jamani! Na si kwamba waliugua. Wangezubaa na kuharisha kijani, angesema ni kideri, anyamaze. Hawa walikuwa wanono, manyoya yanang'aa. Jioni wanakula vizuri, asubuhi ni mizoga. Walibaki watatu, na mwenye madoadoa alikuwa mmoja tu.

Hapo ndipo palipouma. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Onyiego alirudi kutoka soko la Daraja Mbili amefunga koti hadi shingoni na jua linawaka. Esnah akadhani ana homa. Kumbe kabeba tembe wa madoadoa kifuani, na tembe mwenyewe keshamharibia shati lote. "Huyu si wa mama yangu wala si wa boma," alimwambia. "Ni wako." Siku zile hata sufuria aliyopikia Esnah ilikuwa ya mama mkwe. Alicheka, akafua shati. Tangu hapo, miaka arobaini na mmoja, hapakukosa kuku wa madoadoa pale nyumbani, nje kidogo ya Kenyenya. Akifa mmoja, kifaranga chake kipo. Sasa uzao wote umebaki kwa kuku mmoja!

Nani anawaua? Esnah hakuwa na haja ya kuuliza. Ni Nyanchama, mke wa marehemu ndugu yake Onyiego, mjane kama yeye, wa upande wa pili wa ua. Si ndiye aliyepiga kelele mwaka jana kwamba kuku wanamfukulia mboga yake ya chinsaga shambani? Si ni kwa ajili ya mdomo wake Esnah akawafungia bandani kuku waliozoea kuzurura kwenye migomba kutwa? Kumbe hakutosheka, katia sumu. Sabato ijayo Esnah angesimama mbele ya wazee wa kanisa na kulitaja jina hilo, liwe liwalo. Ila mbele ya wazee huendi na maneno matupu. Akampigia simu afisa wa mifugo, aje aitoe hiyo sumu ionekane.

Afisa alikuwa Linda, msichana wa juzi tu, na gambuti zake miguuni. Alimwita Esnah Magokoro, kama mjukuu anavyomwita nyanya yake.

"Hawa wa kwanza, Magokoro, ndani walikuwaje?"

"Ndani? Ya ndani nitayajuaje mimi?"

Nusura amfukuze. Esnah hakuwahi kuonja kuku maishani. Alilelewa na mama wa zamani aliyeshika ile desturi ya kwamba kuku ni nyama ya wanaume, na hata wenzake walipoiacha, ulimi wake ulikataa. Wa kuchinja na kupasua alikuwa Onyiego, huku akiimba wimbo wa kanisa na kumtania kwamba hajui anachokosa. Miaka miwili tangu azikwe, hakuna kuku aliyepasuliwa pale. Na hawa waliojifia wenyewe, Msabato gani ale kibudu? Aliwafukia chini ya migomba, basi.

Linda akampasua yule kuku juu ya gunia. Nyanchama naye alikuwa keshafika uani, shingo imetangulia. Tumbo la kuku lilijaa damu iliyoganda na mafuta ya manjano kila mahali. Ini lilikuwa kubwa, la manjano, na lilipoguswa likamomonyoka kama ugali uliolala.

"Sioni dalili ya sumu wala ya kideri," Linda alisema. "Hili ini limelemewa na mafuta, likapasuka, kuku akavuja damu ndani kwa ndani. Wanashinda wamefungiwa na wanakula sana. Unawapa nini?"

"Mahindi kidogo asubuhi. Jioni ugali."

"Kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu ya sufuria? Si unaishi peke yako? Unampikia nani?"

Esnah akainama kuokota manyoya yaliyodondoka kando ya gunia.

"Anampikia Onyiego," Nyanchama alijibu kutoka uani, taratibu. "Kila jioni namwona akiupeleka bandani kwenye ile sahani yake ya bluu."

Haki ya Mungu, Esnah hakukusudia. Mkono wake ulijua kipimo kimoja tu cha maji na unga wa wimbi, cha watu wawili. Alipika, akagawa, na fungu la Onyiego akashindwa kulitupa, akawapa kuku wake. Kumbe ndiye aliyekuwa akiwaua, kwa chakula cha yule aliyemletea kuku.

Linda aliagiza wafunguliwe watembee, wale majani na wadudu, na ugali uwe wa kuonja tu. Esnah aliutazama ua.

"Wafungulie," Nyanchama alisema. "Chinsaga yangu nitaizungushia miiba."

Jioni hiyo Esnah aliteremsha sufuria ndogo, akaishika, akairudisha. Akapika kama kawaida, akagawa, akapakua kwenye sahani ya bluu. Kuku watatu walimkimbilia, yule wa madoadoa mbele. Akawapita, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua.

"Mama Lorna! Umekula?"

"Bado," Nyanchama aliitikia kutoka jikoni kwake.

Esnah alisimama na sahani mikononi, machozi yanamtoka. "Nilitaka kukutaja mbele ya wazee."

"Najua, Mama Duncan. Leta ugali, mboga inapoa."