Kumpisha Mkwe Mlimani

Siku ya kwanza kazini nilipewa fyekeo, kaptura mbili za kaki na amri moja: mtu asiingie. Aliyenipa ni Bwana Misitu Msaidizi, mtu wa Lindi mjini aliyekuwa akihema hata akipanda ngazi za ofisi. Bendera ya Uhuru ilikuwa bado haijapauka. Nikamuuliza, mtu yupi? Akanitazama kana kwamba nimemtukana. “Yeyote,” akasema. “Msitu ni wa serikali, na serikali sasa ni sisi.” Sikumuuliza, kama serikali ni sisi, asiyetakiwa kuingia ni nani. Nilihitaji kazi.

Mlima wenyewe uko nyuma ya Rutamba. Watu wa mikoa yenye milima ya theluji huuona wakacheka. Waupande kwanza mchana wa Oktoba, ndipo wacheke. Kazi yangu ilikuwa kufyeka mkuza, yaani ule ukanda wa mpakani unaoachwa wazi ili moto wa mashamba usivuke, na ili mtu asiseme hakuuona mpaka. Nilizunguka na nyundo ya serikali ya kugongea alama magogo yaliyoruhusiwa. Gogo lisilo na alama lilikuwa kesi, na kesi ilikuwa kutembea hadi Lindi kwa mguu, mimi na mshitakiwa, tukigawana muhogo njiani.

Begani kwa mlima, nje kidogo ya mpaka, palikuwa na kitongoji cha Wamwera. Huko ndiko nilikooa, na huko ndiko balaa lilikoanzia.

Vijana wa leo mnakula sahani moja na mama wakwe zenu, kwa hiyo itabidi nieleze. Kwetu, wakati ule, mama mkwe hakutazamwa usoni wala hakuitwa jina. Lake silitamki hata sasa. Mkikutana njiani, aliyeoa ndiye anayetoka. Unaingia kichakani, unageuza uso, unasubiri mpaka apite, ndipo unarudi njiani. Upupu uwepo, siafu wawepo, unaingia tu. Na mama mkwe wangu alikuwa mtembeaji hodari, Mungu anisamehe, hakuna njia ya mlima ule ambayo sikuwahi kujikuna kando yake.

Ikaja operesheni ya vijiji. Kitongoji kizima kikateremshwa hadi kando ya barabara, nyumba zikapangwa mstari, na mpaka wa hifadhi ukasogezwa chini. Watu walibebwa na lori pamoja na mbuzi na vinu. Makaburi hayabebwi na lori. Yakabaki juu, ndani ya hifadhi, na la baba mkwe wangu likiwemo.

Ndipo tukaletewa Bwana Misitu wa Wilaya mpya, kijana aliyerudi masomoni ng'ambo na viatu vya kupandia milima. Aliniita siku ya pili yake.

“Watu wa mjini wanashinda barazani wanacheza bao,” alisema. “Nataka baba, mama na watoto waje wapande mlima.”

“Wakafuate nini huko juu, mzee?”

“Hawafuati kitu. Wanatembea.”

“Kisha?”

“Kisha wanateremka.”

Nikaenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Alicheka mpaka akaweka chini ungo.

Lakini nikiagizwa kazi huwa naifanya, na njia ya familia si kazi ya kufyeka tu. Mwinuko wake usizidi ule anaouweza mwanamke mwenye ndoo kichwani. Maji ya masika yakingwe kwa vijifereji vya kukatiza, la sivyo njia inakuwa korongo. Penye utelezi unaweka vidato vya magogo, na uvipime kwa mguu wa mtoto, si wa ofisa. Na pa kupumzikia pawe kabla mtoto hajaanza kulia. Akishaanza, hata umpeleke peponi atalia. Niliusaka mwinuko huo pande zote za mlima nikauona pale pale ulipokuwa siku zote, kwenye njia ya zamani ya kitongoji. Tukaichonga hiyo.

Waliochonga ni wanakijiji, kwa kazi za kujitolea. Mzee mmoja aliegemea jembe akaniambia, “Mkwe wetu, tuliambiwa mlimani hapakaliki. Leo tunawachongea wenzetu njia wakapumzike huko huko.” Nilimwambia achimbe.

Pa kupumzikia palipofaa palikuwa ni kivulini, penye mivule, hatua chache tu kutoka makaburini. Bwana Misitu alipapenda, akaagiza mabenchi.

Wakaja hao watembeaji. Akina mama na viatu vya visigino, akina baba na redio. Kuna familia ilipanda na jiko la mkaa na kuku hai, na kuku huyo alitoroka, na aliyetumwa kumkimbiza ni mimi, mlinzi wa serikali. Ukiwaambia tembeeni taratibu, wanakimbia. Ukiwaambia msiguse ile mizambarau ya nyani, wanamrushia nyani ndizi, halafu wanashangaa nyani anapotaka na mfuko. Nimebeba mgongoni watoto wa maofisa zaidi ya nilivyobeba wangu. Wakifika juu, wanaliona ziwa la Rutamba lote chini na, siku isiyo na ukungu, ule mstari mwembamba wa bahari upande wa Mchinga, basi wanazima redio. Nakiri hapo hasira ilinipungua kidogo. Kisha mmoja angeuliza duka liko wapi.

Kukawekwa lango, na masharti. Jembe na panga marufuku, kuni marufuku, na wanaopita ni wageni wa matembezi tu. Wanakijiji hawakuwa wageni, kwa hiyo hawakupita. Hata ukiirudia mara mbili haikai sawa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ukaingia mwezi wa Shaaban. Kwetu, kabla ya Ramadhani watu huenda kufagia makaburi, wanang'oa majani, wanasoma dua, wanakula pamoja ubwabwa. Mke wangu akaniletea salamu. “Mama anauliza, hilo lango ni la kumfungia nani?”

“Mwambie ni amri.”

“Nimemwambia. Amesema yeye haji kubishana na amri. Anakwenda kwa mumewe.”

Nikampelekea ombi Bwana Misitu. Akasema ukiruhusu jembe la kaburi leo, kesho litaruhusiwa la shamba. Na akasema nikishindwa kulinda lango, atamweka mwingine. Nilikuwa na watoto wa kulisha.

Jumapili ikafika. Bwana Misitu mwenyewe alikuwa juu mabenchini na mkewe na watoto, pamoja na familia nyingine za mjini. Mimi langoni. Nikasikia watu wanakuja, nikajiandaa, nikatanua kifua. Wakatokeza kwenye kona, kijiji kizima, mafagio na majembe begani. Na aliyetangulia mbele, peke yake, kanga mpya kichwani, ni mama mkwe.

Nilitoka njiani. Miguu haikuniuliza. Niliingia kichakani, nikageuza uso, na upupu ulikuwa umekomaa. Alipita taratibu mno, na nadhani alifanya makusudi. Nyuma yake wakapita wote, kila mmoja akinisalimia mgongo wangu kwa heshima.

Bwana Misitu aliteremka mbio. “Ulikuwa wapi?”

“Kichakani, mzee. Mkwe alikuwa anapita.”

“Kwa hiyo amri ya serikali inashindwa na mama mkwe?”

“Haishindwi, mzee. Ilisubiri kichakani mpaka apite.”

Alifoka huku mimi najikuna. Lakini huko juu mambo yalikuwa yamekwisha. Wenye mafagio walishawakaribisha wenye mabenchi, maana kwetu mtu hali ubwabwa mbele ya mgeni anayetazama tu, na mke wa Bwana Misitu alikuwa ameshanawa mikono.

Hakunifukuza. Alinihamishia mkuzani, na langoni akaweka mlinzi kutoka Liwale, kijana asiye na ukwe wala ujamaa na mtu wa hapa. Akaona amefunga kazi. Shaaban iliyofuata, kijana alikuwa amekwishaoa kijijini, na si mwingine, ni mdogo wa mke wangu. Nilikuwa nimetolewa mkuzani kumsaidia siku hiyo, tukasimama kichakani wawili. Bwana Misitu akanyanyua mikono, akasema siku hiyo moja wapite, mradi majembe warudi nayo yote. Ikawa hivyo miaka mingi, mpaka alipohamishwa.

Aliyemfuata hakuja na viatu vya mlima. Alikuja na sheria. Enzi zake ndipo mama mkwe aliugua, akawaambia binti zake anataka kulala juu, ubavuni kwa mumewe. Hakutaka jingine. Nilikwenda ofisini mara nikarudi, mara nikaenda tena. Kaburi jipya ndani ya hifadhi, haiwezekani. Kwani mtu anayezikwa atakata mti gani? Haiwezekani.

Alipofariki walimpandisha hata hivyo. Jeneza lilitokea kwenye ile kona, begani kwa vijana, na mimi, niliyeitwa kutoka mkuzani, nilikuwa langoni pamoja na Bwana Misitu huyo. Nilitoka njiani, nikaingia kichakani, nikageuza uso. Nilingoja kusikia hatua zikipita. Hazikupita. Bwana Misitu alikuwa amesimama katikati ya njia.

Maiti hasubirishwi, wala hapagombwi juu yake. Waligeuka. Amezikwa kando ya barabara, na kila lori linalotoka Rutamba linamwachia vumbi. Nina hasira na jambo hilo mpaka leo, na sitaki kuambiwa nisahau.

Nilistaafu kwa mkono wa kwaheri na blanketi. Sasa kuna vijana wanaoongoza wageni, wamevaa fulana za rangi moja, wanaeleza habari za ndege. Wanaieleza na njia, kwamba imechongwa kitaalamu kwa ajili ya familia. Siwasahihishi, nimechoka kusahihisha. Vifereji vyangu bado vinakinga maji, hilo linanitosha.

Mke wangu magoti hayampandishi tena, kwa hiyo kila Shaaban naenda mimi na fagio, nalifagia kaburi la baba mkwe, pamoja na ile nafasi iliyoachwa ubavuni mwake. Vijana wa lango wananiona mzee aliyechanganyikiwa, maana nikifika kwenye kona ile natoka njiani. Naingia kichakani, nageuza uso, upupu ni ule ule. Nangoja kwanza apite, ndipo na mimi napanda.